Vijiti vya Ubani Chini ya Picha ya Tata

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea kutoka mjini, na kabla hajafungua hata begi lake alichomeka kijiti cha ubani kwenye tundu la kichupa cha chumvi pale mezani, akakiwasha. "Bibi, nyumba yako inanuka mbuzi," alisema, kwa upendo tu, maana mbuzi ninao na siwafichi. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Harufu ilinifikia kabla sijauona moshi, na nikaacha maharage yamwagike. Nilitoka mbio, kwa magoti haya haya mnayoyajua, nikamwambia azime upesi. Alicheka. Alidhani nina pumu. Sikumweleza, na nadhani amerudi mjini akiamini kwamba bibi yake ni mshamba anayeogopa manukato.

Ninyi mliokua wakati wetu, upande wetu huu wa Mara, mtanielewa upesi kuliko yeye. Mnalikumbuka duka la Mhindi lilivyonukia. Ukivuka kizingiti, mafuta ya taa yalikupokea kwanza, halafu vitambaa vipya, halafu sabuni ya mche, halafu kutoka ndani kabisa, nyuma ya kaunta, kikaja kitu kitamu na kizito kilichoingia puani na kwenda kukaa kooni. Wengi wenu mlikipenda. Mimi nilikipenda pia, kwa muda.

Kwetu kulikuwa juu ya Nyambureti, na duka la Kanji lilikuwa chini kwenye senta, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mama na zaidi kidogo kwa miguu yangu. Mama alipeleka maziwa pale, leo ndiyo kesho hapana, kibuyu kikubwa kichwani mwake, na mimi nyuma na kibuyu kidogo cha samli. Nilikuwa wa umri wa kuaminiwa ndama, si ng'ombe. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa lugha yetu, alikuwa Kenya, Kericho, akichuma majani chai. Aliondoka meno yangu ya kwanza hayajang'oka. Nilikumbuka kikohozi chake na uzito wa mkono wake kichwani mwangu, lakini uso ulikuwa umeanza kunipotea, na jambo hilo sikumwambia mtu kwa sababu niliona ni aibu mtoto kusahau uso wa baba yake.

Nyuma ya kaunta ya Kanji palikuwa na mlango uliokuwa wazi daima, na ndani ya mlango huo alikaa mama yake Kanji kwenye pembea ya mbao, akijibembeza kwa kidole kimoja cha mguu. Alivaa nyeupe tupu. Wajukuu zake walimwita Ba, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili, "kuja" na "shika", na yalimtosha kabisa, maana ukisikia "kuja" ulikwenda, na ukisikia "shika" ulipokea kipande cha sukari guru. Juu yake ukutani zilikuwepo picha za miungu yao, mmoja ana mikono mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa haraka, na chini ya picha hizo kiazi mbatata kilichokatwa nusu, kimechomekwa vijiti vitatu vinavyofuka.

Sijui kama mmewahi kukitazama kijiti cha ubani kikiungua tangu mwanzo hadi mwisho. Kwanza kinashika moto kama kuni yoyote, mtu anaupuliza ule moto unazimika, unabaki mdomo mwekundu mdogo kama jicho la panya. Kuanzia hapo hakuna moto tena, kuna kula tu. Lile jicho linakula kushuka chini, polepole, na nyuma yake linaacha jivu ambalo halianguki. Jivu linabaki limesimama, lina urefu ule ule wa kijiti, kisha linajikunja kidogo kichwani, linainama kama mtu anayesikiliza. Unasubiri lianguke. Halianguki. Ukikata tamaa ukatazama pembeni, hapo ndipo linapoanguka, kimya, na ukigeuka unakuta kijiti kimekuwa kifupi. Moshi nao unapanda umenyooka kama uzi hadi kimo fulani, halafu unavurugika. Mtu akipita mlangoni unainama kumfuata. Niliyajua yote haya kabla sijajua kusoma, kwa sababu mama akianza kuzungumza na mke wa Kanji, yule Mama Lila, mimi sikuwa na kazi nyingine.

Kisha Ba akaugua. Tulikuta pembea imefungwa juu kwa kamba, naye amelala kwenye kitanda pale pale ilipokuwa, amefunikwa hadi kidevuni. Vijiti havikuwa vitatu siku hiyo. Vilikuwa vingi, vimechomekwa kwenye kopo la mchele karibu na kichwa chake, na chumba kizima kilikuwa buluu. Macho yake yalinitazama kupitia ule moshi. Hakusema kuja. Midomo ilitikisika tu, na moshi ukapita juu ya uso wake ukaenda ukutani, kwenye picha.

Safari iliyofuata kitanda hakikuwepo. Pembea haikuwepo. Ukutani, chini kidogo ya yule wa mikono mingi, kulikuwa na picha mpya ndani ya kioo, na ndani ya picha hiyo alikuwemo Ba. Alivaa nyeupe ile ile. Juu ya kioo walikuwa wamemvika shada la maua ya manjano, na kwenye paji la uso wakampaka doa jekundu. Chini yake kijiti kilifuka.

Nilimvuta kando Lila, binti yao, ambaye tulikuwa rika moja. "Ba yuko wapi?"

"Ba iko pale," alisema, akaonyesha ukuta.

"Nani alimweka?"

"Baba."

Sasa msinicheke kabla hamjanisikiliza. Kwetu mtu akifa hapotei. Anazikwa pale pale nyumbani, na tuta lake unaliona kila asubuhi ukienda kujisaidia. Kuku wanalipanda, ndama wanalikanyaga, watu wanasema tumfagilie mzee. Kila niliyepata kusikia amekufa nilionyeshwa alipo. Kwa hiyo nilifanya ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya: nilizunguka nyuma ya duka la Kanji kutafuta kaburi. Nikakuta madebe matupu, rundo la kuni, kamba ya kuanikia nguo, na ardhi ngumu ambayo jembe halijaigusa. Nilizunguka mara mbili. Hapakuwa na tuta. Kwamba wenzetu hao huchoma maiti wao, hilo nililijua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilijua jambo moja tu. Kama hakuna kaburi, Ba hakufa. Moshi ulimtoa kitandani ukamwingiza ukutani, na ulikuwa ukiendelea kuwashwa ili asitoke.

Mama hakujua mawazo hayo. Yeye alikuwa amepata habari ya msiba, na alifanya kama afanyavyo mwanamke wa kwetu kwa jirani: alikwenda akaketi sakafuni nyuma ya duka, akavua kitambaa cha kichwa, akalia kwa sauti. Mama Lila alimtazama, halafu naye akashuka chini wakalia pamoja. Nadhani hakuna mtu mwingine wa kwetu aliyefanya hivyo. Ndiyo maana baadaye yakatokea yaliyotokea.

Wiki hiyo hiyo Marwa, binamu yake Tata, alivuka mpaka pale Sirari akaja kwetu na bahasha. Alikuwa amekaa Kenya hadi ulimi umemgeuka. "Shemeji, mzee wako ako sawa kabisa," alimwambia mama. "Amepigwa picha pale Kisii. Angalia vile anakaa mkubwa!" Ndani ya bahasha kulikuwa na barua, ambayo mwalimu wa kanisa alitusomea, ikisema Tata atakuja wimbi, ule ulezi wetu, likivunwa, na kulikuwa na picha. Mwanaume amesimama kandokando ya kiti, ana koti, ana viatu vyeusi vinavyong'aa, mkono mmoja uko juu ya kiti kana kwamba anakizuia kisikimbie. Nilitazama uso. Mara ukarudi wote, pua, sikio lenye pengo, ile tabia ya kufunga midomo kana kwamba anazuia kucheka. Niliona furaha ambayo hata leo nikiikumbuka kifua kinajaa. Niliomba niishike. Mama alinipa, akasema nisiiguse usoni. Kisha akaipachika ukutani kwa mwiba wa mgunga, upande wa kushoto wa kitanda chake, mahali ambapo mwanga wa mlango ulifika.

Safari iliyofuata Mama Lila alitoka nyuma ya kaunta na pakiti ndefu ya karatasi nyekundu, akamtia mama mikononi kwa mikono yake miwili. "Mama Bhoke, chukua hii. Washa nyumbani. Harufu mzuri sana, roho napoa." Bhoke ndiye mimi. Njia nzima ya kurudi nilitembea hatua kumi nyuma ya mama, na bado niliinusa.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, ndama wawili walilala ndani pamoja nasi, na mama, ambaye hakuwahi kuona haya kwa harufu ya ndama maisha yake yote, sasa aliona haya. "Tata yako amezoea Kenya," alisema. "Akija akute nyumba inanukia." Hakuwa na kiazi wala mchele wa kuchezea. Alichukua bonge la mavi ya ng'ombe lililokauka, lile tunalowashia moto, akachomeka vijiti viwili ndani yake. Kisha akatafuta mahali pa kuliweka, ndama wasilipige teke. Palikuwa na kijibenchi cha udongo ukutani, kushoto kwa kitanda. Akaliweka hapo, chini ya picha.

Nilirudi nyuma hadi kwa ndama. Moshi ulipanda umenyooka, ukafika kwenye viatu vya Tata, kwenye magoti yake, kwenye mkono ulioshika kiti. Upepo ulikuwa ukiingia mlangoni, na kwa sababu ya upepo huo moshi uliinama kuelekea ukutani, ukamlamba usoni. Niliona kwa macho yangu. Ulikuwa unamtafuta.

"Mama, zima."

"Kwa nini? Si inanukia vizuri?"

"Zima tu."

"Acha mambo yako, nenda katazame ndama."

Nikienda kumweleza ningemwambia nini? Ningetamka kwa mdomo wangu kwamba Tata anatolewa Kericho anaingizwa ukutani, na kwetu neno baya la aliye safarini halitamkwi, ukilitamka umeliita. Hilo nililijua kuliko sala ya Baba Yetu. Nikanyamaza, nikabaki na hofu yangu peke yangu, na ilikuwa kubwa kuliko mimi.

Kila jioni kabla ya kukamua, mama aliwasha. Alipenda. Alikuwa akifumba macho kidogo na kuvuta pumzi, na uso wake ukawa wa msichana. Mimi nilichuchumaa mbele ya bonge la mavi, nikilinda. Nilijiwekea sheria: jivu likisimama, Tata amesimama. Jivu likiinama, amechoka. Likianguka nilikimbilia picha kuangalia kama ameongezeka humo ndani, kama amekuwa mzito zaidi, kama macho yamenigeukia jinsi macho ya Ba yalivyonigeukia. Na kila siku niliona yamegeuka kidogo.

Nilipigana kwa silaha nilizokuwa nazo. Nilizuia mlango kwa ngozi ya kulalia ili upepo usiingie, na mama akauliza kama nataka tufe kwa joto. Nilimwaga maji ndani ya pakiti. Siku hiyo vijiti vilikataa kushika. Viliungua ukucha mmoja, vikatoa harufu ya kitambaa kilichoungua, vikazimika, nami nikamshukuru Mungu. Lakini mama alivitandaza juani juu ya ungo, na kufikia jioni vilikuwa vimekauka, rangi yao nyekundu ya mkiani imechuja ikachafua ungo, vinaungua kama kawaida isipokuwa vinatoa vijicheche. Mara moja alipotoka kwenda kukamua nilikamata lile jicho jekundu kwa vidole viwili nikalibana. Ninyi mnaodhani kitu kidogo kile hakiunguzi, jaribuni. Nililia kimya, vidole mdomoni. Na bado sikushinda, kwa sababu kipande cha jicho kilikuwa kimedondoka kwenye mavi makavu, na mavi yale yakaendelea kufuka taratibu yenyewe, moshi wa mavi na moshi wa ubani vimechanganyika, hadi mama aliporudi akayamwagia maji na kuniuliza nimefanya nini. Nilisema ndama.

Ndipo nilipokata shauri. Vijiti vingeendelea kuwepo, Mama Lila alikuwa navyo sanduku zima. Aliyepaswa kuondoka pale ukutani ni Tata. Asubuhi mama akiwa mtoni nilichomoa mwiba, nikaificha picha ndani ya nguo yangu, nikatoka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kihenge cha zamani, kitupu, kilichoinama upande mmoja kwa sababu jiwe lake moja lilikuwa limezama. Nilipenyeza mkono kati ya fito na udongo uliobanduka, nikaiteremsha picha humo. Kwa haraka niliingiza kichwa chini, miguu juu. Nilimwambia, "Tata, kaa hapo, hapana moshi." Nikarudi ndani nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nilifikiri mama atakasirika. Hasira yake nilikuwa tayari kuibeba, fimbo ya mama niliijua na haikuwa nene. Lakini mama hakukasirika. Alisimama mbele ya tundu la mwiba, akaweka kiganja ukutani, akawa anapapasa taratibu kama kipofu. Akatafuta kitandani, chini ya ngozi, kwenye majivu, kwenye malalio ya ndama. Kisha akaketi.

"Bhoke, nani aliingia humu?"

"Sikuona mtu."

"Kuna mtu ameichukua picha ya tata yako." Aliongea polepole. "Mtu anayetaka kumfanyia kitu."

Sikuwahi kumwona mama anaogopa. Nilidhani wakubwa hawaogopi. Alimwita mwalimu wa kanisa, wakapiga magoti wakaomba, nami katikati yao nikasema amina. Aliacha kupeleka maziwa kwa siku kadhaa. Aliwatazama majirani kwa jicho jipya, hata wale waliotusaidia kupalilia. Alikula kidogo. Ubani hakuuwasha tena, pakiti ilikaa juu ya uchaga ikishika masizi. Hapo nilipata nilichokitaka, na tazama nilivyokipata. Ningesema neno moja tu mama angelala. Lakini nikilisema, picha inarudi ukutani, na siku moja pakiti inashuka kutoka uchagani. Sote wawili tulikuwa tunamwogopea mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa nyumba, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo nikiuficha.

Wimbi likaiva. Likavunwa. Likapurwa, likapepetwa, kihenge kipya kikajaa, Tata hajaja. Watu waliotoka Sirari walisema kule Kenya kuna vita ya porini, askari wanawasimamisha watu njiani na kuwauliza maswali. Mama alisikiliza, akaendelea na kazi yake. Jioni moja alisema, akiwa amenipa mgongo, "Ile picha," halafu hakuendelea. Mimi nilikuwa nikijiuliza swali langu. Labda nilichelewa. Labda siku nilipoichomoa alikuwa ameshaingia wote, na yule niliyemteremsha kihengeni kichwa chini si picha bali ni Tata mwenyewe. Sikuthubutu kwenda kuangalia. Nilipita mbali na kihenge kile, nikizunguka kwa njia ya zizi.

Alikuja alasiri, jua bado kali, tukiwa tunaanika wimbi la kusaga. Mbwa ndiye aliyemwona kwanza. Mwanaume mwembamba kuliko wa kwenye picha, sanduku la bati begani, blanketi limeviringwa, miguuni ana makatambuga ya tairi yaliyoisha upande. Alikohoa. Kile kikohozi. Mama aliangusha ungo akamkimbilia, akasimama mbele yake, asijue aweke wapi mikono. Mimi niliganda. Nilikuwa nikitafuta kivuli chake chini, na nilipokiona, kirefu, kinatembea naye, ndipo nilipomwamkia.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Huyu ndiye Bhoke? Mbona unanitazama kama askari wa mpakani?" Aliweka mkono kichwani mwangu. Ulikuwa na uzito ule ule.

Alikunywa maziwa, akauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, akasema walizuiwa mpakani wiki mbili kwa ajili ya karatasi tu. Kisha akatazama ukuta. "Picha yangu ilifika? Marwa aliniambia aliileta."

Mama aliinamisha uso. Alikuwa amembeba mume wake katika hofu miezi yote ile, na sasa aone haya mbele yake kwa kosa langu. Hapo hapo nikajua kwamba siwezi kuendelea kuificha. Nilitoka nje nikakimbia hadi kihengeni, nikapenyeza mkono kati ya fito na udongo. Vidole viligusa kitu kama tope lililokauka. Nikavuta. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka lile jiwe lililozama, wamejenga njia yao hadi pale, na kwa kuwa nilimweka kichwa chini, walikuwa wameanza na kichwa. Uso haukuwepo. Shingo, koti, mkono, hakuna. Kilichobaki ni kipande cha ukubwa wa kiganja changu: magoti, na viatu vyeusi vinavyong'aa.

Nilipiga ukelele ambao walisema baadaye walidhani nimeumwa na nyoka. Nilirudi na kile kipande, nikamnyooshea Tata, nikafumba macho nisimwone akianguka. Nilisema yote kwa pumzi moja, Ba, moshi, ukuta, kaburi lisilokuwepo, maji kwenye pakiti, kihenge. Nilisubiri. Nilipofungua macho alikuwa bado ameketi juu ya kigoda, kichwa chake kiko mahali pake, anageuza kile kipande huku na huku.

"Mama Bhoke," alisema mwisho, "huyu mtoto aliniokoa, na mchwa wakanila." Akafunga midomo kama anayezuia kucheka, akashindwa, akacheka hadi kikohozi kikamkamata. "Tena wameacha viatu! Viatu si vyangu. Ni vya mwenye studio. Hata lile koti ni lake, kila mtu anavalishwa. Mimi nilipeleka uso tu."

Mama alianza kulia, katikati ya kulia akacheka, kisha akanichapa viboko viwili vya kustahili, kisha akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimekua. Kile kipande alikifunga kwenye kitambaa akakiweka sandukuni.

Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakurudi Kericho. Alizeeka, akawa mkaidi, na kila alipokuja mtu wa picha senta alikataa kusimama, akisema yeye ameshaliwa mara moja inatosha. Ulikuwa utani wake, watoto waliupenda. Alipofariki, vijana walikuja kuuliza picha ya kuweka juu ya jeneza, nami niliyekuwa mkubwa wa nyumba nikasema hatuna. Sikutoa kile kipande. Ningewapa nini, viatu vya mtu wa Kisii?

Uso wake nimeupoteza tena, kama utotoni, na safari hii hakuna Marwa wa kuuleta. Nakumbuka pengo la sikio, nakumbuka midomo, lakini vyote haviji pamoja.

Mjukuu wangu alipoondoka alisahau pakiti yake mezani. Nilikaa nayo siku tatu. Ya nne nilitoa kile kipande kitambaani nikakiegemeza kwenye kichupa cha chumvi, nikachomeka kijiti mbele yake, nikawasha, nikapuliza. Jivu likasimama. Moshi ukapanda umenyooka, halafu upepo ukaingia mlangoni, nao ukainama kuelekea vile viatu. Tata yuko nyuma ya nyumba hii. Tuta lake nalifagia mwenyewe kila Jumamosi, hakuna anayejua vizuri kuliko mimi mahali alipo. Hata hivyo mkono wangu uliondoka wenyewe, na nililibana lile jicho jekundu kwa vidole viwili hadi likazimika.